Waliomlilia Mama Mdogo Kule Muthara

Wiki hiyo sikutulia. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda pale kibandani kwangu katika soko la Gakoromone, mjini Meru, kidogo tu nimesimama, nimeanza kupanga upya ndizi ambazo nilikuwa nimezipanga vizuri asubuhi. Mteja akiniuliza bei namjibu kama tunagombana. Mwenzangu wa kibanda cha pili, anayeuza vitunguu, alinitazama mpaka akachoka. "Haki leo una nini wewe? Kaa chini, unanipa kizunguzungu."

Nilikuwa nimefiwa. Mama mdogo, anayemfuata mama yangu kuzaliwa, alikuwa ameaga dunia nyumbani kwake, mbele kidogo ya Muthara. Na siku iyo hiyo, kama kwamba walipanga, akafa mwimbaji. Jina lake silitaji, na watu wa kwetu hawahitaji kutajiwa. Kijana mdogo, sauti tamu, alifariki ghafla, na Meru nzima ikasimama. Kila spika sokoni ilikuwa inalia nyimbo zake. Simu yangu nikiifungua, stetasi zote ni picha yake, na moyo uliopasuka chini yake. Watu ambao najua hawajawahi kumwandikia mama yao hata salamu walikuwa wameandika aya ndefu za kumuaga.

Mwenzangu wa vitunguu alikuwa analia waziwazi, na akanionya nisivisingizie vitunguu.

"Kwani ulikuwa unamjua?" nikamuuliza.

"Nani asiyemjua!"

"Mimi nimefiwa na mama mdogo."

"Pole sana, dada," akasema. Akajipangusa macho, akaongeza sauti ya redio.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na marehemu. Nyimbo zake hata mimi nilizipenda, zimenichezesha nikipakua ndizi zinazotoka Mitunguu asubuhi za baridi, na niliposikia amekufa nilishika kichwa. Kilichokuwa kinanichoma ni kwamba nilimtafuta mtu mmoja tu, mmoja, aniulize mama mdogo alikuwa nani, na sikumpata. Basi ngoja niwaambie nyinyi.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, vyumba vitatu, na humo ndimo walimokimbilia wasichana waliokuwa wanakwepa kisu cha ngariba na wale waliokuwa wanaozwa kabla hawajamaliza shule. Likizo ya Desemba ilikuwa mbaya zaidi. Ungesikia mlango unagongwa kumepambazuka, ukifungua unakuta mtoto hana viatu, ana sweta ya shule tu, anatetemeka. Mama mdogo hakuwa na maswali mengi. Alimpa uji, akamwonyesha mahali pa kulala, halafu akafunga kitambaa kichwani akaenda kwa chifu, na kutoka kwa chifu akaenda kwa wazazi wenyewe kutukanwa. Alitukanwa huyo mama, jamani! Waliita nyumba yake pango la watoto watoro. Wengine waliacha kumwamkia kanisani. Alikuwa akirudi jioni anakaa mlangoni anavua viatu, anasema, "Leo nimeambiwa nimerogwa," kisha anauliza kama kuna chai.

Wasichana walikaa. Wengine muhula mmoja, wengine mpaka wakamaliza kidato cha nne. Halafu waliondoka wakaenda na maisha yao, kama ilivyo haki yao.

Sasa, mama mdogo alikuwa na mtoto mmoja tu wa kuzaa, binti, ambaye kwetu ni dada yangu. Huyo ndiye aliyenikosesha raha wiki ile. Alikuwa amelala kitanda kimoja na wasichana asiowajua tangu akiwa mdogo. Sweta zake zilivaliwa na wengine. Tukiwa wasichana aliwahi kuniambia, bila kulia, kwamba hajawahi kukaa mezani na mama yake wakiwa wawili peke yao. Sasa mama amekufa, na nilipoenda kumpa pole alinishika mkono akanivuta nje, nyuma ya jikoni.

"Dada, mimi nimewagawia watu mama yangu maisha yangu yote," akasema. "Siku ya mazishi nataka niwaone hao watu. Wasipokuja nitajua niliibiwa."

Mkono wake ulikuwa baridi. Nikamwambia watakuja. Ningesema nini?

Basi familia ya mwimbaji ikatangaza mazishi, na siku waliyochagua ni yetu. Nyumbani kwao ni barabara ile ile, mbele ya Muthara, isipokuwa wao wanaenda moja kwa moja na sisi tunakata kushoto kwa njia ya vumbi inayoshuka. Mjomba akapendekeza tusogeze yetu mbele. Dada yangu akamkatiza: "Mama hatampisha mtu." Mjomba akameza chai yake.

Tangazo letu lilisomwa redioni jioni, kwenye ile redio ya lugha yetu. Tulikuwa tumekaa sebuleni tukilisubiri. Mtangazaji alikuwa amekauka sauti kwa kumlilia msanii. Habari za mama mdogo alizisoma kwa pumzi moja, jina, kijiji, mume aliyetangulia, akavuka, na kabla hatujatazamana nyimbo zilikuwa zimerudi. Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Nikaizunguka tena. Mbwa akanifuata.

Asubuhi ya mazishi, mochari ya mjini ilikuwa imefurika. Vijana walikuwa wamepanda hata ukuta. Wahudumu walitukabidhi mwili wa mama mdogo mapema ili tuwaondokee njiani, na hapo ndipo tulipopewa lile gari. Kamati ya mwimbaji ilikuwa imekodi gari la maiti, wakalipamba kwa maua meupe na tepe nyekundu kila kona, halafu wakaona ni dogo kwa mtu wa hadhi yake, wakatafuta lingine la vioo. Hili walilolikataa ndilo lililobaki mjini siku ile. Dereva akatuuliza kama atoe maua. Dada yangu akasema, "Yaache. Mama alipenda maua." Alikuwa ameipakata picha ya mama yake, ile ya fremu, kwa sababu hakutaka ipigwe na vumbi pale mbele. Nikaketi naye nyuma ya dereva. Nyuma yetu lilifuata basi la kanisa, nusu tupu, kwa kuwa kwaya ilikuwa imegawanyika na nusu nyingine ilikuwa imeenda kwa msanii.

Tukaondoka. Mimi nilikuwa nacheza na kipete changu, nakivua, nakivaa, mpaka dada yangu akanipiga kofi dogo mkononi.

Tulipokaribia Muthara tukasikia honi.

Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za barabara. Wanawake wenye lesho, watoto wa shule, wazee wenye kofia. Bodaboda walikuwa wamefunga matawi kwenye usukani. Walipoliona gari letu wakapiga kelele, na kilio kikapanda, kile cha ukweli, cha wanawake kushika kiuno. Wakatupa majani mbele ya magurudumu. Bodaboda wakatuzunguka, wengine mbele, wengine ubavuni, honi haziachi, na dereva akapunguza mwendo hadi tukawa tunatembea.

Dada yangu akashusha kioo. Uso wake sijui niuelezeje. "Umeona?" akaniambia. "Umeona watu wa mama?" Akatoa mkono nje, na watu wakaushika. Mama mmoja aliubusu. Dada yangu alikuwa analia na kucheka pamoja, anawaambia asanteni, asanteni sana, Mungu awabariki.

Mimi nilikuwa nimeshaona. Kijana aliyekuwa karibu na dirisha langu, shavu limevimba miraa, alikuwa amevaa fulana yenye sura ya mwimbaji. Na yule wa nyuma yake. Na yule mwingine. Dereva akaniangalia kwenye kioo chake cha juu, nikamwangalia, na wote wawili tukajua. Nimwambie? Nimwambie sasa hivi, mkono wake ukiwa unashikwa namna ile? Haki ya Mungu sikuweza. Nikaomba tu ile kona ya kushoto isifike. Kwa mara ya kwanza wiki nzima nilitulia kabisa, kwa hofu.

Ikafika. Dereva akawasha taa ya kushoto, akapinda polepole kuingia njia ya vumbi, na bodaboda wa mbele wakasimama.

"Wee dereva! Umepotea! Barabara ni hii!"

Wakaziba njia. Mmoja akaja akapiga boneti kwa kiganja. "Msanii wetu haendi huko, kwani humjui?" Wengine wakaanza kusema labda familia inataka kumwiba wamzike kwa siri. Kelele zikabadilika rangi. Dereva akainua mikono. Na dada yangu, ambaye mkono wake ulikuwa bado nje, akaurudisha taratibu ndani.

"Wanamtaka nani?" akaniuliza.

Akanitazama usoni, na nadhani alisoma yote.

Akafungua mlango akashuka, picha mkononi. Nikashuka nyuma yake. Akainua ile picha juu, mbele ya zile fulana zote.

"Huyu ni mama yangu," akasema kwa Kimeru, kwa sauti ya kutosha. Akataja jina lake na jina la shule. "Alikuwa anaishi hapo chini. Ndiye tunayemzika."

Halafu mtu akauliza, "Mama nani?" Mwingine akamuuliza dereva, "Sasa wa msanii wako wapi?" Dereva akasema wanakuja nyuma. Basi. Pikipiki zikaanza kugeuka. Mmoja alitoa kofia, akasema pole mama, akageuka pia. Majani yakabaki barabarani. Nilitaka kuwatukana wote, nilikuwa na matusi ya kutosha, na sikupata hata moja la kuanzia. Wangekuwa wabaya ningejua la kufanya. Lakini walikuwa wamekuja kulia, wakakosea jeneza tu.

Dada yangu akarudi garini. "Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi."

Akageuka dirishani.

Nyumbani hema lilikuwa kubwa kuliko watu. Majirani walikuwepo, Mungu awazidishie, na wanawake wa chama chake walikuwa wamepika mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, wa watu wengi, sufuria kwa sufuria. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu, vimepangwa vizuri. Dada yangu alikaa mbele peke yake kwenye safu ya watoto wa marehemu. Nilimwona akigeuka, anaangalia nyuma, anarudi. Anageuka tena. Mchungaji alikuwa anahubiri, na kutoka upande wa juu upepo ulikuwa unatuletea nyimbo za yule mwingine.

Karibu na mwisho wa mahubiri, mwanamke mmoja akaingia kwa lango. Alikuwa ametembea, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amevaa fulana yake ndani nje, lakini ile sura ya mwimbaji ilionekana hata hivyo. Hakukaa nyuma. Alikuja moja kwa moja hadi kwa dada yangu akachuchumaa mbele yake, na mimi niliyekuwa safu ya pili nikasikia yote.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nalala kitandani kwako, upande wa ukuta."

Dada yangu akaitazama ile fulana. "Ulikuja kumlilia nani leo?"

Nilidhani atadanganya. Hakudanganya. "Msanii. Nilikuwa pale juu kwenye kona, ukainua picha. Sikujua amekufa. Habari ya msanii niliiona kwa simu siku iyo hiyo, ya mwalimu hakuna aliyeniambia." Hapo sauti ikamkatika. "Hakuna aliyeniambia, dada."

"Na wale wengine?"

"Sijui. Labda pia hawajui."

Uso wa dada yangu ulikuwa mgumu. Hakumkaribisha, hakumfukuza, na mwanamke akabaki amechuchumaa pale pale chini kando ya kiti kitupu, analia bila sauti.

Tukaenda kaburini. Jeneza likashushwa. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza akashika kipaza sauti, akasema sasa aje mtoto wa marehemu, aweke udongo wa kwanza kabla ya watu wengine. Dada yangu akatoka mbele. Akasimama kwenye ukingo, tukasubiri. Hakuinama. Akageuka akatazama kundi lote hadi akamwona mwanamke yule, nyuma ya wanawake wa chama.

"Wewe. Njoo."

Mwanamke akatikisa kichwa. "Ameita mtoto."

"Kwani wewe umelelewa na nani?" dada yangu akasema kwa hasira, machozi yanamtoka. "Njoo hapa."

Watu wakampisha. Dada yangu akainama, akachota udongo kwa mikono yote miwili, akammiminia nusu viganjani.