Manyoya ya Sweta kwenye ndoo

Wenye mnamjua Sweta, kaeni chini kwanza.

Kwa wale hawamjui, Sweta ni jogoo wangu wa Silkie, aina ya kuku wa kigeni wanaofugwa kwa urembo. Manyoya laini kama pamba, rangi ya majivu, na mistari ya dhahabu shingoni. Hiyo rangi nimeitafuta miaka minne hapa Kitengela, nikichagua nani azae na nani. Vifaranga wote hao, ni yeye peke yake alitoka nayo.

Leo nimetoka kazini Kajiado nikapata mama mkwe amefika kutoka Kakamega.

Nikafurahi, kusema ukweli.

Halafu nikaona manyoya ya majivu kwenye ndoo.

Mume wangu, bila aibu: "Sasa mama atoke Kakamega yote hiyo akule sukuma wiki? Lazima achinjiwe jogoo."

Jogoo! Na tuko na wa kienyeji sita hapo nje!

Na hata hawakumla. Walipomnyonyoa wakakuta ngozi nyeusi tititi, vile Silkie wote huwa. Mama akakataa, eti huyo kuku ni mgonjwa. Sweta akarushiwa mbwa.

Mniambie kama nimekosea kununa.

Kwa sababu nilimuuliza mume wangu swali moja tu: mbona Sweta?

"Hao wengine walinitoroka," akasema. "Huyu nilimwita tu jina, akakuja mbio."

Ni mimi nilimfundisha kuja akiitwa.