Mkono Uliozima Pampu

Verlon Kubena aliizima pampu ya bwawa lake la kuogelea kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, huku akipiga mluzi. Redio ilikuwa imeshinda ikiwasihi watu wa Texas wabane umeme, maana baridi ilikuwa kali mno na kuna wagonjwa majumbani wanaopumua kwa mashine. Mjini kwao Rosenberg hata mtoto anajua kwamba baridi ya kugandisha ikija, pampu ya bwawa huachwa izungushe maji, yasigande na kupasua vyombo. Verlon naye alijua. Lakini mtu aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu, akiambiwa punguza, hupunguza.

Usiku huohuo umeme ukakatwa kwa wote, waliobana na wasiobana. Asubuhi pampu ilikuwa imepasuka, hita ya maji imepasuka, mabomba nayo yamechanika.

Bwawa lile halikuwa la anasa. Mkewe, Leona, alikuwa amepigwa na kiharusi, na kwenye nchi kavu hakuweza hata hatua moja. Ndani ya maji ya vuguvugu, akishika reli aliyofungiwa na mumewe, alisimama na kutembea. Siku akiamka vizuri alimrushia mumewe maji ya uso, wakacheka wote wawili.

Basi Verlon akawapigia simu watu wa bima ya nyumba.

"Umeme ulipokatika, pampu ilikuwa inafanya kazi?" binti wa bima akauliza.

"Hapana, binti yangu. Nilishaizima mchana."

Binti akashusha sauti. "Una hakika, mzee? Hebu fikiri vizuri."

Alikuwa anamfungulia mlango, yule binti, Mungu ambariki. Verlon akaupita bila kuuona.

"Hakika kabisa! Si redio ilisema tuzime?"

Jibu likaja: hawalipi. Pampu iliyozimika kwa kukatika umeme, bima inalipa. Iliyozimwa na mwenye nyumba, ni uzembe wake. Verlon akapiga tena.

"Hata ningeiacha, umeme si ungekatika tu, ikapasuka vilevile?"

"Huenda, mzee. Lakini sivyo ilivyotokea."

Akahamishiwa kwa mwingine, na huyo mwingine akamwacha anasikiliza muziki. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kampuni ile iliishia kwenye nusu ya kwanza.

Jirani yake, Randy Orsak, hakubana umeme hata kidogo, na bima ikamlipa kila kitu. Akaja na sahani ya kolachi, vile vimkate vitamu vya plamu, uso umemshuka.

"We mzee nawe! Ile ni bima au padri, mpaka ukaungame? Waambie ulichanganyikiwa, ni uzee."

"Walinirekodi, Randy."

"Basi wamekumaliza." Randy akajikuna kichwa. "Mlete Leona kwangu."

Walimpeleka. Bwawa la Randy lilikuwa na ngazi ya chuma iliyosimama wima. Leona akaitazama, akatikisa kichwa, wakamrudisha.

Vifaa vipya pensheni haikuviweza. Mvua za masika zikalijaza bwawa, maji yakawa ya kijani, vyura wakahamia. Verlon aliona uchungu kupita dirishani, akafunga pazia.

Agosti joto likapamba moto, na redio ikaanza tena: tafadhali baneni umeme, fikirieni wagonjwa. Verlon akajikuta ameinuka, anaelekea mlango wa uani.

"Wapi?" Leona akauliza kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Kuzima..." Akasita, mkono kwenye kitasa. Fundi alishaibeba pampu ile zamani, ikiwa chuma chakavu.

Tangu kiharusi, maneno yalimtoka Leona mojamoja, kwa taabu. Akayakusanya.

"Mimi pia mgonjwa, Verlon."

Verlon akakiachia kitasa.