Ukuta anaousifu mke wangu siyo rangi aliyoichagua

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe. Nina miaka hamsini na mmoja, nimeoa, nina watoto wanne. Baada ya kupanga Nyakato miaka ishirini na mbili, mwaka huu tumehamia kwetu, Buhongwa.

Nyumba nzima niliamua mimi: ramani, bati, vigae. Mke wangu aliomba kitu kimoja tu, achague rangi ya sebule, maana maisha yake yote ameishi ndani ya rangi walizopenda wenye nyumba. Nikakubali. Fundi akapaka mabaka mawili ukutani, yote krimu ya kuelekea kahawia hafifu. Nawaapia, mimi sikuona tofauti. Mama Neema akasema la kushoto lina joto, la kulia litafanya sebule iwe kama zahanati. Tulibishana siku nne. Mimi ni msomaji, na hoja dhaifu siwezi kuiacha ipite. Nikamwambia tofauti hiyo imo kichwani mwake tu. Akanijibu, "Baba Neema, wewe soma magazeti yako. Kuta niachie."

Ilinichoma. Alipokwenda msibani Magu siku mbili, nikamwambia fundi apake ile ya kulia.

"Mzee, si mama kasema ya kushoto?"

"Wewe paka. Kuna kitu nataka kumthibitishia."

Nilipanga akirudi nimwambie palepale, tucheke, yaishe. Akarudi, akasimama katikati ya sebule na mkoba begani, machozi yakamtoka. "Umeona sasa? Hii ndiyo niliyoitaka." Nikampokea mkoba, siri nikabaki nayo.

Huu ni mwezi wa tatu. Kila mgeni lazima auangalie ukuta. Juzi alimwambia dada yangu, "Wifi, kaka yako vitabu vyote vile na bado haoni." Wakanicheka, nami jibu la kuwanyamazisha wote limenikaa kooni. Nimeshinda ubishi na siwezi kumwambia mtu. Halafu nikimwona anaupangusa ukuta ule kwa kitambaa, najiona mwizi.

Jumatatu fundi anarudi kupaka korido, inayoungana na sebule. Mke wangu kasema iwe rangi ileile, na kadi yenye namba aliyoichagua anayo. Akinunua hiyo, rangi mbili zitakutana kwenye kona moja mbele ya macho yake. Nikimuwahi dukani nikanunua ile ya kulia, nitakuwa nimemdanganya nyumba nzima.

Wale wa kusema rangi ni jambo dogo, piteni. Waliooa na walioolewa, niambieni: nikiri na kumnyang'anya kitu pekee alichochagua, au ninyamaze na kumnyang'anya mara ya pili?