Kisu Nilichokizuia

Nilikuwa mchinjaji katika kichinjio kimoja cha Kitale, Mwislamu peke yangu mle ndani. Wachunaji wa ngozi walikuwa Wakristo, tena hodari, lakini ng'ombe akikatwa shingo na mkono mwingine, wenye mabucha ya karibu na msikiti wasingeigusa nyama hiyo. Tajiri wetu alilijua hilo miaka sita, na miaka sita akanilipa vilevile. Hasira ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili moja, nyumbani Bungoma, nilifanya mazoezi ya kuomba nyongeza mbele ya mke wangu. Yeye ndiye aliyejifanya tajiri. Alikaa amekunja nne, akanikatalia mara tatu huku akicheka. Nilipochoka kubembeleza nikamweleza mpango wangu wa kweli: ng'ombe akishalazwa, nitazuia kisu mpaka tajiri mwenyewe akubali. Mke wangu akaacha kucheka.

"Mtu haombi na kisu mkononi, baba watoto," alisema. "Ongea naye kwa ofisi."

Nikamuuliza ofisini nimeongea mara ngapi.

Jumatatu asubuhi fahali wa kwanza alikuwa wa kutoka Chwele, mweusi, mwenye pembe pana. Wachunaji walimwangusha, wakamfunga miguu, wakamwelekeza kibla. Aliyeshika ncha ya kamba alikuwa rafiki yangu, mtu wa Cheptais, ambaye kila mchana nilikula naye sahani moja. Nikasimama tu. Kisu nilikificha nyuma, kwa kuwa ni vibaya mnyama akione. Adabu hiyo niliikumbuka.

Tajiri alitoka kuuliza kuna nini. Nikammwagia yote niliyoyafanyia mazoezi, na mengine ya mamake ambayo sikuyafanyia. Akanitukana, nikamrudishia. Rafiki yangu alikuwa ameinama, jasho linamtiririka.

"Sheikh, kata bana. Hii kamba inaniponyoka."

Nilimsikia. Sitasema uongo hapa. Nilimsikia, na nikaendelea kumkodolea tajiri macho.

Kamba ikamtoka. Fahali aliinuka, akamchoma pembe juu ya goti, akambamiza ukutani, kisha akarudi kuukanyaga mguu uleule. Mfupa ulilia, nikausikia. Niliirukia ile shingo nikakata kwa wazimu, mara tatu, mara nne, bismillahi nimeisahau kabisa. Damu ya ng'ombe na ya rafiki yangu ikashuka mfereji mmoja. Nyama ile haikuuzwa kwa Mwislamu yeyote.

Tajiri alikuwa amepanda juu ya meza ya mizani.

"Nitakuongeza," alisema kabla hajashuka.

Aliniongeza kweli. Rafiki yangu alikatwa mguu, hakurudi tena kazini, na mwisho wa mwezi tajiri akanieleza kwamba nyongeza yangu imetoka kwenye mshahara wa huyo rafiki yangu, maana hataandika mtu mwingine. Nikatia sahihi.

Nilipofika nyumbani mke wangu alifurahi. Akaniuliza mwishowe nilimwomba tajiri wapi. Nikamwambia ofisini.