Mgongo wa Mkubwa

Jumanne nilipanga foleni katika ofisi moja hapa Lushoto. Mkubwa na karani wake walikuwa wameinamia picha za magari. Mkubwa alitaka gari la mbio, ila lenye viti laini, la kwendea kazini kila siku bila kuumwa mgongo.

Mkulima mwenye mvi akavua kofia. "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu mkubwa, kijana wa rika la wana wa mkulima huyo, bila kuinua macho.

"Binti yangu ana uchungu wa kuzaa tangu jana. Naomba gari la ofisi limfikishe hospitali, Bumbuli."

"Petroli ni ya shughuli za Ujamaa, mzee." Akafunua ukurasa. "Karani, hivi viti vinalazwa?"

Nilipotoka nikakuta wanaume wanne wamembeba binti kitandani, wanaupanda mlima. Redioni tunaambiwa sote ni ndugu. Migongo yetu haijapata habari hiyo.