Supu ya Vipokezi

Ukinikuta soko la Nizwa, huku Oman, naukwepa upande wa nyama, usidhani nimeacha kula mbuzi. Ni kuona haya tu, na haya zenyewe nilizitafuta kwa mikono yangu miwili.

Mimi ni mwanafunzi wa utafiti. Nachuja kutoka bongo za mbuzi zile protini ambazo dawa ya maumivu hujishika nazo mwilini (tunaziita vipokezi), kisha napima dawa inashika kiasi gani. Kazi hii hutaka ubongo uliotoka machinjoni saa hiyo hiyo, ukalala kwenye barafu. Ukipata joto, umekwisha. Na Jumapili msimamizi wangu alikitaka kipimo, nikikikosa, nafasi yangu ya maabara apewe mwengine.

Basi Ijumaa asubuhi nikaenda kwa Ammi Seif, mchinjaji, mzaliwa wa Unguja kama bibi yangu, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba bongo zote alizonazo. Akanitazama kwa huruma, kwani supu ya bongo hupikiwa mgonjwa.

"Marahaba. Bibi yako anaumwa, mwanangu? Ndiyo anataka supu?"

Ningesema la, ningelazimika kueleza vipokezi mbele ya watu wenye haraka na nyama zao, kwa hiyo nikainamisha kichwa, nikajibu, "Tuombeeni dua, Ammi." (Kuomba dua si uongo, nilijiambia.) Akanifungia zote.

Maabara Ijumaa hufunguliwa alasiri, nikarudi nyumbani Birkat al Mauz, nikaliweka sanduku la barafu jikoni. Baada ya sala mlango ukagongwa: Ammi Seif, mkewe Bi Salma, na nyuma yao kundi zima la watu wa sokoni, maana kwetu ukisikia fulani mgonjwa, kutokwenda kumtazama ni aibu.

"Ajr wa afya, inshallah!" wakasema, yaani mgonjwa apate thawabu na uzima.

Mgonjwa yuko shambani anakata ndizi. Nikasema amepumzika, nikawakaribisha, nikawatilia kahawa, nikawawekea halua, huku macho yangu kwenye saa. Nilipokwenda jikoni kuongeza kahawa nikamkuta Bi Salma kakunja mikono ya kanzu, sanduku wazi, na utafiti wangu unachemka kwa ndimu na pilipili manga.

"Wewe kaa na wageni, mwanangu, bibi yako tunampikia sisi."

Harufu ilikuwa nzuri, lazima niseme.

Mara Bibi huyo uani, mkungu wa ndizi kichwani, anaimba. Bi Salma akatoka na mwiko mkononi. "Bibi Zuwena! Si wewe unaumwa?"

Bibi akautua mkungu, akawatazama wageni, akanitazama mimi, akafahamu.

"Mgonjwa yupo, ni huyu. Anaumwa ulimi, neno 'la' halimtoki."

Wakacheka mpaka machozi, isipokuwa Ammi Seif, na hilo ndilo lililoniuma. Supu ikanywewa yote. Bibi aliomba bakuli la pili.

Jumamosi nilishindwa kwa haya kurudi kwa Ammi Seif, Jumapili nikaenda mikono mitupu, nafasi akapewa mwenzangu, nami nikalia ndani ya gari kabla sijaliwasha. Tangu hapo, penye 'la' naitoa hata kabla mtu hajamaliza kuuliza. Watu wanasema sina adabu, na wanasema kweli.