Siku Niliyoigiza Mke wa Tajiri

Nilikuwa kibarua kwa mfugaji mmoja wa Bweranyange, mwenye ng'ombe wengi na shamba kubwa la migomba. Wazazi wangu walitoka Burundi na wote wameshafariki, kwa hiyo mtu niliyezungumza naye zaidi alikuwa mke wa tajiri huyo, niliyemwita mama. Jioni tulikaa mkeka mmoja tukichambua maharage, akinisimulia habari za wanawe walioko mbali.

Sikukuu ya mavuno ilipokaribia, katekista wa kanisa letu alitunga mchezo wa kuchekesha: tajiri ambaye ng'ombe wake akikohoa anaitiwa daktari, kibarua akikohoa anaambiwa anywe maji. Mimi nikapewa nafasi ya mke wa tajiri.

Kanisa lilijaa. Kijana aliyeigiza kibarua alipiga magoti, akasema, "Shikamoo mama. Naumwa kifua."

Nikarudi nyuma, nikapepea pua kwa ncha ya khanga. "Marahaba. Pole. Ila usikoholee karibu na ndama."

Watu wakaangua kicheko, na matajiri waliokaa viti vya mbele ndio waliocheka zaidi. Mke wa tajiri mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akautazama mkono wangu ulivyokuwa ukipepea, akaacha kucheka. Sikuwa nimefundishwa hivyo kwenye mazoezi. Mkono ulijifunza wenyewe, kwa kumtazama.

Asubuhi nilimkuta mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi mimi huwa napepea vile?"

"Mara nyingine, mama. Sisi vibarua tukitoka zizini."

"Hata ukinikaribia wewe?"

"Hata mimi."

Hakunifukuza, wala hakunisema vibaya. Ila jioni ile hakutoka nje, na zilizofuata hakutoka pia. Nikachambua maharage peke yangu.

Nilidhani nitajiliwaza kwa vibarua wenzangu. Lakini nao walikuwa wameanza kuniita mama tajiri. Nikifika mahali wanapokula, mmoja anasimama kunipisha kwa utani, wengine wanakatisha mazungumzo. Mwanzoni nilicheka nao. Baadaye nikawa nachukua sahani yangu, nakwenda kula upande wa pili wa migomba.

Msimu ulipokwisha nilihamia Chonyonyo kuchuma kahawa. Mama aliniaga kwa chupa ya maziwa, akasema tu, "Nenda salama, binti yangu." Nilisubiri kidogo aongeze neno. Akaingia ndani.

Hapa nimepanga chumba. Majirani wananisalimu vizuri, nami naitikia. Hakuna anayejua kwamba nilishawahi kuchekesha watu.